Kamera ya Kwanza ya DSLR na Elimu ya Mwanga

Kamera ya DSLR ni kamera ya dijitali yenye kioo ndani yake. Mwanga ukiingia kwenye lenzi hukutana na kioo kilichoinama kwa nyuzi 45, kioo kikaurusha juu kwenye prizimu, nayo prizimu ikauelekeza kwenye kidirisha cha kutazamia. Jicho la mpiga picha huona kilekile ambacho lenzi inakiona, kwa mwanga wenyewe, bila skrini katikati. Kitufe kikibonyezwa, kioo hunyanyuka, pazia la shata lililo nyuma yake hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga hukifikia kihisi, kisha pazia hufunga na kioo kurudi mahali pake.

Umbo hili lilikuwapo kabla ya dijitali. Kine Exakta, iliyotengenezwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1936, ilikuwa miongoni mwa kamera za mwanzo za kioo kutumia filamu ya milimita 35. Nikon F ya mwaka 1959 ikaifanya kamera ya namna hiyo kuwa chombo cha kila siku cha wapiga picha wa magazeti duniani. Mwaka 1991 kampuni ya Kodak iliuza DSLR ya kwanza, yaani bodi ya Nikon F3 iliyofungwa kihisi cha megapikseli 1.3, kwa bei ambayo mashirika makubwa tu yaliimudu. Mpiga picha wa ridhaa alifunguliwa mlango mwaka 2003, pale Canon EOS 300D ilipouzwa Marekani kwa chini ya dola 1,000.

Hivi leo mlango huo umepanuka zaidi kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 2018 Canon na Nikon zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na wapiga picha wengi wa kazi wamezifuata na kuziuza DSLR zao. Kamera ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa zikipiga picha za harusi na magazeti sasa zinapatikana zikiwa zimetumika, kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Kwa anayeanza, hii ni nafasi nzuri ya kujifunza kwa chombo kamili bila gharama kubwa.

Simu ya kisasa hupiga picha nzuri kwa sababu programu yake huamua karibu kila kitu kwa niaba ya mtumiaji. DSLR nayo inaweza kujiamulia, lakini imejengwa kwa vitufe na magurudumu yanayomwezesha mwenyewe kuamua mwanga uingie kiasi gani, kwa muda gani, na sehemu ipi ya picha iwe kali. Kujifunza DSLR ni kujifunza kufanya maamuzi hayo kwa makusudi. Mengine yote, kuanzia ununuzi hadi utunzaji, yapo ili kazi hiyo iwezekane.

Kuchagua bodi na lenzi

Anayenunua kwa mara ya kwanza huulizia megapikseli kabla ya jambo lingine lolote, ingawa kipimo hicho hakina uzito mkubwa. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480, yaani chini ya megapikseli 9. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina megapikseli 12 na inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Nikon D3500 na Canon EOS 2000D, zote mbili za mwaka 2018, zina megapikseli 24 kila moja, na ni mifano mizuri ya kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza.

Kinachogawa kamera hizi kwa uhakika zaidi ni ukubwa wa kihisi. Kamera za fremu kamili zina kihisi cha milimita 36 kwa 24, sawa na filamu ya zamani. Kamera nyingi za wanaoanza zina kihisi kidogo zaidi, cha aina iitwayo APS-C: kwa Nikon ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na kwa Canon ni kama 22.3 kwa 14.9. Kihisi kidogo hukata kingo za picha, hivyo lenzi ya milimita 50 huonyesha eneo ambalo kwenye fremu kamili lingeonyeshwa na lenzi ya milimita 75 au 80. Kwa mpiga picha wa ridhaa hilo si kasoro. Bodi huwa nyepesi, lenzi huwa za bei nafuu, na vitu vya mbali huonekana karibu zaidi.

Lenzi ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa muda mrefu, kwa kuwa hudumu kuliko bodi. Mfumo wa Canon EF ulianza mwaka 1987 na ule wa Nikon F mwaka 1959, kwa hiyo soko la mitumba limejaa lenzi zinazoingia kwenye bodi za leo. Kamera ya wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55, inayofaa kwa mandhari, watu na matembezi ya kawaida. Lenzi ya pili inayofaa zaidi ni ile isiyo na zumu, ya milimita 50 au 35, yenye tundu la kupitishia mwanga linalofunguka hadi f/1.8 (namba hizi za f zinaelezwa mbele). Ikiwa milimita 50, lenzi hiyo hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya ile ya zumu iliyovutwa mpaka mwisho na kuishia f/5.6. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupiga picha sebuleni usiku na kushindwa.

Tahadhari moja iwekwe akilini na wanunuzi wa Nikon. Bodi za mfululizo wa D3000 na D5000, kuanzia D3000 hadi D3500 na kutoka D5000 hadi D5600, hazina mota ya kuzungusha fokasi ya lenzi za zamani. Lenzi iliyoandikwa AF-S itajilenga yenyewe kwenye bodi hizo, na ile ya AF-P itajilenga kwenye zile mpya zaidi tu. Iliyoandikwa AF au AF-D pekee itafungwa na kupiga picha, lakini fokasi itabidi izungushwe kwa mkono.

Kukagua kamera iliyotumika

Kamera ya mtumba ikaguliwe kabla ya fedha kutolewa, na muuzaji mwaminifu hukubali ikaguliwe. Kwanza ni hesabu ya shata. Pazia la shata ni kifaa kinachochakaa, na bodi za wanaoanza hujengwa zikitarajiwa kumudu mipigo kama 100,000. Faili ya picha iliyopigwa kwa Nikon hubeba hesabu hiyo ndani yake na programu nyingi za bure huisoma. Kwa kamera nyingi za Canon huhitajika programu maalumu na waya wa kuunganisha kompyuta. Kamera iliyopiga 20,000 ina maisha marefu mbele yake. Iliyopiga 120,000 inaweza kuendelea kufanya kazi, lakini bei yake iteremke.

Pili ni lenzi. Ivuliwe, tundu lifunguliwe, na tochi ya simu ielekezwe upande mmoja huku jicho likitazama upande wa pili. Nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui ni kuvu, tatizo la kawaida katika hali ya unyevu ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na visiwani. Kuvu ikishika ndani ya vioo, kuiondoa kunahitaji fundi wa kuifungua lenzi yote. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele hauharibu picha kwa kiasi cha kuonekana, lakini kuvu hupunguza ung'avu na huendelea kukua.

Tatu ni kihisi. Picha ya ukuta mweupe au anga tupu ipigwe kwa f/16 au f/22. Madoa meusi yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Vumbi husafishika; mstari au alama yenye kingo kali huenda ikawa mkwaruzo, na hiyo ni sababu ya kuiacha kamera. Mwisho, betri ichajiwe na kutumiwa, kadi iingizwe na kutolewa, flashi iwashwe, na kila kitufe kibonyezwe. Betri na kadi za bandia ziko nyingi madukani. Betri bandia hujaa upesi na kuisha upesi, na kadi bandia huandikwa ujazo isiokuwa nao, picha zikapotea.

Maandalizi ya mwanzo

Kabla ya picha ya kwanza, kamera huhitaji kupangwa. Tarehe na saa ziwe sahihi, kwa sababu picha zitapangwa kwa kumbukumbu hiyo miaka mingi ijayo. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe. Pembeni mwa kidirisha cha kutazamia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha uoni: kizungushwe mpaka maandishi yaliyo ndani ya kidirisha yasomeke vizuri. Wengi hukiruka kigurudumu hicho, kisha hudhani lenzi ni mbovu.

Kamera hushikwa kwa mikono miwili. Mkono wa kulia hushika bodi na kidole cha shahada hukaa juu ya kitufe. Mkono wa kushoto hukaa chini ya lenzi na kubeba uzito. Viwiko hubanwa kwenye mbavu, na kitufe hubonyezwa taratibu, kwanza nusu ili kamera ipate fokasi, kisha mpaka mwisho. Kubonyeza kwa kushtua ni chanzo kikubwa cha picha zilizotikisika.

Juu ya bodi kuna gurudumu la modi. Alama ya kijani ni otomatiki kamili. P huiachia kamera kuchagua tundu na kasi, huku mtumiaji akibaki na mengine. A kwa Nikon, au Av kwa Canon, humpa mtumiaji tundu na kuiachia kamera kasi. S, au Tv kwa Canon, hufanya kinyume chake. Na M huweka yote mikononi mwa mtumiaji. Anayeanza hujifunza haraka zaidi kwa A au Av, kwa sababu hushughulika na uamuzi mmoja kwa wakati mmoja.

Mambo matatu yanayotawala mwanga

Picha yoyote hutokana na kiasi cha mwanga kilichofika kwenye kihisi na jinsi kihisi kilivyoupokea. Mambo matatu huamua hilo: tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO.

Tundu la lenzi huandikwa kwa herufi f na namba: f/1.8, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Namba hiyo hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi, yaani zile milimita za lenzi, kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2, tundu lake lina upana wa milimita 25. Ikiwekwa f/4, upana ni milimita 12.5. Ndiyo maana namba ndogo ina maana ya tundu kubwa, jambo linalowachanganya karibu wote wanaoanza. Kutoka f/2.8 kwenda f/4, au f/4 kwenda f/5.6, mwanga hupungua kwa nusu kila hatua.

Tundu hutawala pia kina cha ukali, yaani umbali wa mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa ambao unaonekana wazi. Tundu kubwa, kama f/1.8, huacha uso ukiwa mkali na kila kilicho nyuma kikiyeyuka katika ukungu laini. Tundu dogo, kama f/11, huonyesha mtu, mtaa na milima nyuma yao kwa pamoja. Kina hicho hupungua zaidi mpiga picha anaposogea karibu na anapotumia lenzi ndefu. Kwa picha ya mtu mmoja f/2.8 au f/4 hufaa. Kwa familia iliyosimama safu mbili f/8 ni salama zaidi, kwa sababu kwa f/1.8 safu ya nyuma itakosa ukali.

Kasi ya shata hupimwa kwa sehemu za sekunde: 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. Kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Kasi kubwa husimamisha mwendo. Mtu anayetembea hutulia kwa 1/250, mtoto anayekimbia kwa 1/500, na mchezaji wa mpira au ngalawa iliyo kwenye mashindano huhitaji 1/1000 au zaidi. Kasi ndogo huacha mwendo uchoreke: mawimbi ya bahari kwa nusu sekunde hugeuka kuwa moshi mweupe juu ya mawe, na taa za magari usiku huwa mistari.

Mikono ya binadamu pia hutikisika. Kanuni ya zamani ni kwamba kasi isipungue sehemu moja ya sekunde gawanya kwa urefu wa lenzi, na kwa kihisi cha APS-C urefu huo uzidishwe kwanza kwa 1.5 au 1.6. Lenzi ya milimita 50 huhitaji kasi ya 1/80 au zaidi ikishikwa kwa mkono. Lenzi zenye kituliza mtikisiko, zilizoandikwa VR kwa Nikon au IS kwa Canon, huruhusu kasi ndogo zaidi, lakini hutuliza mtikisiko wa mikono tu. Anayepigwa picha akitembea bado ataacha ukungu.

ISO hueleza jinsi ishara ya kihisi inavyokuzwa. ISO 200 hutoa picha ing'aayo mara mbili ya ISO 100 kwa mwanga uleule. Gharama yake ni chembechembe zinazoonekana hasa kwenye vivuli, na rangi kupoteza utajiri wake. Kwa DSLR nyingi za miaka kumi iliyopita ISO 1600 bado ni safi, na 3200 au 6400 inakubalika kwa kazi ya ndani ya nyumba. Hofu ya ISO kubwa imeharibu picha nyingi, kwa kuwa picha yenye chembechembe hutazamika na hata kurekebishika, ilhali iliyotikisika haina dawa.

Mambo haya matatu hubadilishana. Wapiga picha wa filamu walikuwa na kanuni ya jua kali: tundu liwe f/16 na kasi iwe sehemu moja ya sekunde gawanya kwa ISO. Saa saba mchana ufukweni, kwa ISO 100, hiyo ni takriban f/16 na 1/125. Mwanga huohuo hupatikana kwa f/8 na 1/500, au kwa f/5.6 na 1/1000. Picha zote tatu zitang'aa sawasawa. Ya kwanza itaonyesha kila kitu kuanzia mchanga wa mbele hadi upeo wa macho, na ya mwisho itasimamisha matone ya maji yanayorushwa na omo ya chombo. Chaguo hilo ni la mpiga picha, na hapo ndipo upigaji picha unapoanza.

Kipima mwanga na makosa yake ya kawaida

Ndani ya kamera kuna kipima mwanga. Kinapima mwanga uliorudi kutoka kwenye vitu, na hakijui vitu hivyo ni nini. Kimetengenezwa kikidhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa, hutoa kijivu cha wastani, na hupanga tundu na kasi ili kupata kijivu hicho. Dhana hiyo hufaa mara nyingi, lakini katika mazingira ya Afrika Mashariki huanguka kwa namna zinazotabirika.

Safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe siku ya Idi hujaza fremu kwa weupe. Kipima hupunguza mwanga, na kanzu hutoka za kijivu. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi akijaza fremu, kipima huongeza mwanga, na buibui huonekana limepauka. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya bahari inayometa, kipima hufuata bahari na uso hubaki kivuli kisicho na sura. Katika hali zote tatu kamera imefanya kazi kama ilivyoundwa, na anayejua ndiye anayepaswa kuirekebisha.

Rekebisho hufanyika kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu nyeupe na kwa uso ulio mbele ya bahari, huongezwa hatua moja au zaidi. Kwa buibui jeusi, hupunguzwa hatua moja. Kipimo kinaweza pia kuwekwa kwenye nukta, ambapo kamera husoma eneo dogo tu, kama shavu la anayepigwa picha. Flashi ndogo ya kamera nayo hufaa zaidi mchana kuliko usiku: mbele ya jua kali hujaza kivuli cha uso bila kuharibu mandhari.

Baada ya picha, histogramu itazamwe. Ni mchoro unaoonyesha pikseli ngapi ni nyeusi, za wastani na nyeupe. Mlima uliojibana kwenye ukuta wa kulia una maana kwamba sehemu za weupe zimeungua na hazina tena habari yoyote ya kurudishwa. Skrini ya nyuma hudanganya juani, lakini histogramu haibadiliki kwa mwanga wa mazingira.

Kulenga fokasi

Kamera ikiachiwa kuchagua yenyewe, mara nyingi hulenga kilicho karibu zaidi, kama bega, maikrofoni au jani lililo mbele ya uso. Ni bora kuchagua nukta moja ya fokasi. Nukta ya katikati ndiyo yenye uhakika mkubwa kwenye bodi nyingi za wanaoanza. Huwekwa juu ya jicho la anayepigwa picha, kitufe hubonyezwa nusu, na fremu hupangwa upya bila kukiachia.

Kwa kitu kilichotulia hutumika fokasi ya mara moja, inayoandikwa One Shot kwa Canon na AF-S kwa Nikon (hapa ni jina la modi, si ile AF-S ya kwenye lenzi). Kwa kinachosogea hutumika fokasi ya kufuatilia, AI Servo kwa Canon na AF-C kwa Nikon, ambayo huendelea kujirekebisha kadiri kitufe kinavyoshikiliwa nusu. Picha nyingi za michezo hukosa ukali kwa sababu tu modi ya kwanza ilitumika mahali pa ya pili.

Mwanga wa ikweta

Katika pwani ya Afrika Mashariki jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, na tofauti kati ya miezi haifiki saa moja. Jua hupanda wima na kushuka wima. Mwanga laini wa dhahabu, ambao Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi huendelea kwa muda mrefu, hapa ni wa muda mfupi, na giza hufuata upesi. Mpiga picha anayetaka mwanga huo awe amefika mahali pake na kupanga kamera kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, au kabla jua halijachomoza asubuhi.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua liko juu sana. Macho huzama katika vivuli, pua hutupa kivuli mdomoni, na weupe wa mchanga huungua. Saa hizo zinafaa kwa picha za kivulini. Baraza la nyumba, mlango uliofunguliwa kuelekea nje, au vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na vya Lamu huwa na mwanga bora wa sura za watu, kwa kuwa kuta ndefu huzuia jua na chokaa huurudisha mwanga ukiwa umelainika. Anayepigwa picha asimame ndani kidogo ya kivuli, uso wake ukielekea upande wenye nuru.

Picha za zamani za studio hufundisha jambo hilohilo. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imehifadhi picha nyingi za watu za rangi nyeusi na nyeupe. Anayezitazama huweza kujiuliza mbele ya kila moja mwanga umetoka upande gani, umeangukia wapi, na kivuli kimeachwa wapi. Maswali hayo matatu, yakiulizwa pia mbele ya kila picha mpya kabla ya kubonyeza kitufe, hukuza jicho kuliko kifaa chochote.

Fremu na watu

Kupanga fremu hakuhitaji kanuni nyingi. Fremu ikigawanywa mara tatu kwa mapana na mara tatu kwa marefu, kitu muhimu kikikaa karibu na makutano ya mistari hiyo kwa kawaida hupendeza kuliko kikiwa katikati kabisa. Nguzo isiote kichwani mwa mtu, na upeo wa bahari usiinamie upande. Kasoro iliyo ya kawaida kuliko zote ni kusimama mbali mno. Hatua mbili za kwenda mbele huondoa vitu visivyohitajika na kuipa picha neno moja la kusema.

Watu huombwa ruhusa. Salamu na maneno mawili matatu huleta picha bora kuliko lenzi ndefu ya kujifichia. Watoto huombewa kwa wazazi wao. Katika shughuli za wanawake za harusi za pwani, na katika nyumba za ibada, ni wenyeji wanaoamua kama kamera itaingia. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, magereza na majengo mengine ya ulinzi hayapigwi picha bila kibali. Anayeahidi kumtumia mtu picha yake aitume kweli, kwa maana ahadi hiyo ndiyo itakayomfungulia njia mpiga picha atakayefuata.

Faili na hifadhi

DSLR huhifadhi picha kwa JPEG au RAW. JPEG imekwishapikwa na kamera na iko tayari kutumwa. RAW hubeba habari yote ya kihisi, huruhusu kurekebisha rangi na mwanga kwa upana zaidi, na kwa kamera ya megapikseli 24 mara nyingi hufika MB 20 hadi 30 kwa picha moja. Anayeanza apige zote mbili kwa pamoja: JPEG ya kutumia leo, RAW ya kurudia ujuzi ukishaongezeka. Programu za darktable na RawTherapee ni za bure, na Canon na Nikon pia hutoa programu zao bila malipo. Picha zinazothaminiwa zikae katika nakala zisizopungua mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani.

Kutunza kamera

Adui wa kamera katika ukanda huu ni chumvi, vumbi na unyevu. Baada ya kutoka ufukweni, bodi na lenzi hupanguswa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi, kisha kikavu. Lenzi hubadilishwa kamera ikiwa imezimwa, uso wa bodi ukitazama chini, mahali pasipo na upepo. Vumbi hupulizwa kwa mpira wa kupulizia. Pumzi ya mdomo hubeba mate. Chombo kihifadhiwe kwenye kisanduku kinachofunga vizuri chenye pakiti za silika, na kitolewe kutumika mara kwa mara, kwa kuwa kuvu hupenda giza, unyevu na utulivu. Kamera isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Zaidi ya yote, jua lisitazamwe kupitia kidirisha cha kutazamia: lenzi hukusanya miale yake na inaweza kuunguza jicho kwa muda mfupi sana.

Mazoezi na hatua inayofuata

Ujuzi huja kwa kutenga jambo moja na kulirudia. Wiki ya kwanza inaweza kutumiwa kwa A au Av, kitu kilekile kikipigwa kwa kila tundu kuanzia kubwa hadi dogo, na picha zikilinganishwa. Wiki inayofuata ni ya S au Tv, kando ya barabara yenye baiskeli na bodaboda, kasi zikibadilishwa mpaka mwendo usimame na kisha uchoreke. Baadaye hufuata wiki ya kipima mwanga, kwa shuka nyeupe na nguo nyeusi, hatua zikiongezwa na kupunguzwa. Ndipo modi ya M hujaribiwa, na wakati huo haitishi tena, kwani kila sehemu yake imekwishazoeleka.

Swali la kununua kifaa kingine hujibiwa na picha zenyewe. Kila faili huandika urefu wa fokasi, tundu, kasi na ISO iliyotumika. Mtu anayeona kwamba picha nyingi anazozipenda zilipigwa kwa milimita 18 anahitaji lenzi pana. Aliyebanwa kila mara kwenye milimita 55 anahitaji ndefu zaidi. Ambaye ISO yake haishuki chini ya 3200 anahitaji tundu kubwa au tripodi. Bodi mpya ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Na hata siku mpiga picha akihamia kamera isiyo na kioo, adapta za EF-EOS R za Canon na FTZ za Nikon huziwezesha lenzi za DSLR kuendelea kufanya kazi kwenye bodi hizo, ingawa lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota yake zitabaki za kulengwa kwa mkono.